NENO JIWE NA HISTORIA YETU

Waswahili wa zamani walikuwa na neno moja fupi la kulidharau jambo lisilo na maana. Mtu aliposikia porojo au ahadi isiyotimizika, alijibu tu, "Mawe!", na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini watu haohao walipotaka kuianza kazi kubwa kwa heshima, iwe msikiti, shule au daraja, waliweka jiwe la msingi, wakamwalika mkubwa wao alishuhudie. Neno lililotumika kutupa ndilo lililotumika kutukuza. Je, ilikuwaje kitu kimoja, tena kitu kisicho na uhai, kikabeba maana zilizo mbali namna hiyo?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maana nyingi za neno jiwe hazikuja kwa bahati. Kila maana imeachwa na kazi fulani ambayo wazee wetu waliifanya kwa mawe: kusaga, kufua chuma, kulima, kujenga, kupima, kuweka mipaka. Watu wengi wa nchi yetu hawakuacha maandishi kuhusu kazi hizo. Waliacha mawe yenyewe, na waliacha maneno. Mwalimu anayeweza kuyasoma yote mawili pamoja anayo hazina ya historia ambayo haimo katika vitabu vingi vya darasani.

Tuanze na neno lenyewe. Umoja ni jiwe, wingi ni mawe, na shina lake ni -we. Silabi ji- ni kiambishi kilichowekwa mbele ya mashina mafupi, kama tuonavyo katika jino na meno, jicho na macho, jiko na meko. Ndugu za neno hili wamo katika lugha nyingi za Kibantu. Warundi na Wanyarwanda husema ibuye, na wingi wake ni amabuye. Wabemba wa Zambia husema ilibwe, na wingi wake ni amabwe. Katika Kiswahili sauti b ya asili ilidhoofika ikapotea, ikabaki w. Hata hivyo haikupotea kila mahali. Ilipotanguliwa na m ilihifadhika, na ndiyo maana tunalo neno mbwe, yaani kijiwe kidogo, kama vile vichezewavyo na watoto katika mdako. Jiwe na mbwe ni watoto wa mama mmoja.

Kisha Kiswahili kikaligawa jiwe kwa ukubwa wake. Jabali ni jiwe kubwa lisilosukumika. Mwamba ni jiwe lililoshikamana na ardhi au lililofichika chini ya maji, nao ndio adui wa nahodha. Kokoto ni mawe madogo au yaliyopasuliwa. Changarawe ni madogo zaidi. Na mwisho ni mchanga. Lugha haipotezi nguvu zake kutenganisha vitu ambavyo watu hawavihitaji. Nahodha alihitaji kuutambua mwamba, na mjenzi alihitaji kuitambua kokoto, kwa hiyo kila kimoja kikapewa jina lake.

Kazi ya kwanza ya jiwe ilikuwa kukata. Katika bonde la Oldupai, ambalo dunia imezoea kuliita Olduvai, zimefukuliwa zana za mawe zenye umri unaokaribia miaka milioni 2. Hapo ndipo Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Watu wengi hulikumbuka fuvu wakayasahau mawe, ingawa mawe ndiyo yanayosimulia akili ya waliokuwapo. Baadhi yake yalitoka katika kilima cha Naibor Soit, jina ambalo kwa Kimaasai lina maana ya mawe meupe. Mwenye kuyachukua hakuokota jiwe lolote lililokuwa miguuni pake. Alikijua kilima, akalijua jiwe lipasukalo vizuri, akalibeba hadi mahali pa kazi. Huko Isimila, karibu na Iringa, palipochimbwa katika mwaka 1957 na 1958, zipo zana za zama za baadaye zilizochongwa pande zote mbili kwa ulinganifu wa kupendeza. Na katika mapango ya Kondoa, jiwe likawa ukuta wa kuchorea watu na wanyama. Michoro hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya mapango hayo yangali yakitumiwa na wenyeji kwa matambiko.

Tukija karibu na zama zetu, tunalikuta jiwe jikoni. Mafiga ni mawe matatu yanayobeba chungu, na wahenga walitoa fundisho la umoja kutokana nayo: jifya moja haliinjiki chungu. Kando ya mafiga lilikuwapo jiwe la kusagia, na pengine kinoo cha kunolea visu na majembe. Historia ya jiwe la kusagia ni historia ya wanawake. Mwanamke alipiga magoti mbele ya jiwe kubwa, akasukuma jiwe dogo mbele na nyuma mpaka mtama au ulezi ukawa unga, na kesho yake akaanza upya. Katika sehemu nyingi za bara yapo majabali yenye mashimo laini yaliyochimbika kwa kazi hiyo. Mashimo hayo ni maandishi ya mikono isiyotajwa popote. Haifai kuusifu utamaduni kwa kusahau gharama yake: mashine ya kusaga ilipofika kijijini, hapana mwanamke aliyelililia jiwe. Tunachotakiwa si kulirudia bali kulikumbuka, pamoja na jasho lililoangukia juu yake.

Jiwe liliingia pia katika kiwanda cha mhunzi, na hapa lugha inatoa ushahidi wa ajabu. Kitu ambacho mhunzi huwekea chuma chake anapokipiga huitwa fuawe. Neno hili limeundwa kwa maneno mawili: fua, yaani kukipiga chuma kikapata umbo, na iwe, ambalo ni umbo la kale la jiwe. Leo fuawe laweza kuwa la chuma kitupu, lakini jina lake lingali likikumbuka kwamba la kwanza lilikuwa jiwe. Kumbukumbu hiyo haipingani na yale yaliyofukuliwa ardhini. Katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, chuma kiliyeyushwa tangu zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Na Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu. Mawe yenye chuma yalichimbwa, yakayeyushwa, kisha chuma kikafuliwa juu ya jiwe kwa nyundo ya jiwe. Kwa hiyo mtu akisema kwamba ufundi wa chuma ulikuja na meli za wageni, mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kumjibu kwa neno moja tu.

Mkulima naye hakuachwa nyuma. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika Wilaya ya Monduli, ipo Engaruka. Hapo, baina ya karne ya 15 na ya 18 hivi, watu walipanga mawe wakafanya matuta ya mashamba na mifereji ya kuyaleta maji ya mito kutoka ukingoni. Mashamba hayo yalienea katika eneo la hekta 2000 hivi, mahali ambapo mvua ni haba. Hapakutumika chokaa wala saruji. Jiwe lilishikwa na jiwe. Kazi kubwa kama hiyo haifanywi na mtu mmoja, wala haidumu pasipo mapatano ya zamu za maji na ya kuitengeneza mifereji inapobomoka. Ukuta wa Engaruka, kwa hiyo, ni ushahidi wa sheria na ushirikiano, ijapokuwa hapana aliyeziandika sheria zenyewe.

Sasa tuuelekee mwambao, kwani huko ndiko mgogoro juu ya jiwe ulikokuwa mkubwa. Waandishi wengi wa zama za ukoloni walipoiona misikiti, makaburi na majumba ya mawe ya Kilwa Kisiwani, Kaole, Tongoni na kwingineko, hawakukubali kwamba yalijengwa na watu wa nchi hii. Walisema kuwa Mwafrika alijenga kwa miti na udongo, na kwamba jiwe lilikuja na Mwarabu au Mwajemi. Hoja ya namna hiyohiyo ilitolewa juu ya Zimbabwe Kuu, mji wa kuta za mawe ambao jina lake hufasiriwa na wengi kuwa ni nyumba za mawe katika Kishona. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alifanya uchunguzi huko, akathibitisha kwamba kuta zile zilikuwa kazi ya Waafrika. Miji hiyo miwili haikuwa mbali kwa biashara, kwa sababu dhahabu ya bara ilipitia Sofala na kufika Kilwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sarafu yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa iliokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Lugha inasema nini juu ya mgogoro huo? Katika Kiswahili cha zamani kujenga kwa mawe na chokaa kulikuwa na kitenzi chake, nacho ni kuaka. Aakaye ni mwashi, na kazi yake ni uashi. Mwanafunzi asishangae kuona k ikigeuka sh, kwani ndivyo ilivyo katika pika na mpishi, andika na mwandishi, cheka na mcheshi. Kitenzi hiki si cha kuazima. Wakikuyu husema gwaka, Wakamba kwaka, Wazulu ukwakha, wote wakiwa na maana ya kujenga. Nao Washona husema kuvaka, tamko linalokaribiana sana na hayo. Basi aliyekuwa akilipanga jiwe juu ya jiwe huko Kilwa aliitwa kwa jina la Kibantu, lililotokana na kitenzi ambacho mababu zake walikuwa nacho kabla ya kuiona bahari.

Lakini haki ni kusema kweli yote. Maneno mengine ya ujenzi yametoka nje. Sakafu imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya dari au paa. Saruji na roshani zina asili ya Kiajemi. Hili si jambo la kuonea haya. Linaonyesha kwamba mwashi wa mwambao alikuwa na ufundi wake, naye aliposafiri na kupokea wageni alijifunza mambo mapya, akayatia katika kazi yake pamoja na majina yake. Ndivyo utamaduni uliohai unavyokua. Kosa la waandishi wale halikuwa kuwaona wageni, maana wageni walikuwapo. Kosa lao lilikuwa kutomwona mwenyeji.

Machimbo ya baadaye yameunga mkono ushahidi huu wa lugha. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, wachimbaji walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali palepale. Ule wa kwanza, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti. Wa mawe ulifuata baadaye, hatua kwa hatua. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba mji ule ulijengwa kwa miti, ingawa wakati huo Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwapo, na Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lilikuwa limejengwa au lingali likijengwa. Mti na jiwe viliishi katika mji mmoja. Huko Kizimkazi, Unguja, maandishi yaliyochongwa kwenye mawe ya msikiti yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107.

Ufundi wenyewe ulitegemea maarifa ya mahali. Tumbawe lililokatwa baharini ni laini likiwa bado bichi, na huwa gumu likikauka. Kwa hiyo waashi walilichonga mapema wakapata mihirabu, vidaka na miimo ya milango. Kuta nene zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuu la magogo. Boriti za mikoko zilibeba dari, na kwa kuwa boriti hazina urefu mwingi, vyumba vilikuwa vyembamba, upana wake usizidi sana meta 3, hata katika nyumba ya tajiri. Mkoko ndio uliompimia tajiri upana wa chumba chake.

Hata hivyo nyumba ya mawe haikuwa ya kila mtu. Huko Unguja wageni waliupa mji jina la mawe yake, bali wenyeji wanauita Mji Mkongwe. Ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari ulioingia mjini waliishi wengi katika nyumba za udongo na makuti, na mtaa huo ukaitwa Ng'ambo tu. Jiwe liligawa watu: liliwaonyesha nani ana mali na nani hana, nani bwana na nani mtumwa. Anayeisifu nyumba ya mawe hana budi kumkumbuka pia aliyeyabeba mawe yake.

Jiwe lilikuwa pia kipimo na alama. Mwenye duka alikuwa na mizani na mawe yake, na jina hilo lilibaki hata mawe hayo yalipokuwa ya chuma. Pembe za ndovu na karafuu ziliuzwa kwa frasila, ambayo ilikadiriwa kuwa ratili 35. Katika njia ya misafara iendayo Unyamwezi, wapagazi walipumzika Jiwe la Mkoa, penye jabali kubwa la kijivu katika nyika ya Mgunda Mkali. Richard Burton alipita hapo katika safari yake iliyoanza mwaka 1857, akaliandika jina hilo kama alivyolisikia. Jabali lilikuwa kibao cha njia kwa watu wasiokuwa na ramani.

Wakoloni nao walilitumia jiwe kwa namna yao. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walipatana juu ya mpaka uliochorwa kutoka pwani kuelekea Ziwa Viktoria. Mawe ya mpaka yakafuata mstari huo, nao Wamaasai, Wakuria na wengineo wakajikuta wamekatwa sehemu mbili. Huko Mwanza, mji unaojulikana kwa majabali yake, jiwe mashuhuri lililosimama ziwani lilipewa jina la Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Jiwe lile lilikuwapo kabla ya Ujerumani kuwa dola, na bado lipo. Jina nalo limebaki. Walimu wa Mwanza wangefanya jambo jema kuwauliza wanafunzi wao wawahoji wazee: mababu waliliitaje?

Baada ya Uhuru maana za jiwe ziliendelea kuzaliwa. Mwaka 1967 yaligunduliwa huko Mererani madini ya buluu ambayo yameipa dunia jina la nchi yetu, yaani tanzanaiti, na mwaka 2018 machimbo yake yalizungushiwa ukuta wa kilomita 24 na nusu ili mali ya taifa isitoroshwe. Wako waliozoea kuziita betri za tochi mawe. Daktari huzungumza juu ya mawe ya figo. Mvua ya mawe huharibu mazao kisha ikayeyuka. Na mjini vijana wasio na kazi waliketi juu ya mawe kando ya barabara, mpaka mahali pao pakaitwa kijiwe. Leo kijiwe ni mahali popote pa mazungumzo, pawe pa kahawa au pa waendesha pikipiki, hata kama hapana jiwe hata moja. Neno hilo dogo limehifadhi habari ya ukosefu wa ajira kama vile fuawe lilivyohifadhi habari ya uhunzi.

Tumeona, basi, kwamba jiwe si kitu kimya. Lakini jiwe na neno vyote viwili vyaweza kupotea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda magofu, lakini sheria haizuii bahari wala mvua. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalihesabiwa kuwa hatarini tangu 2004 hadi 2014, yakaokolewa kwa kazi ya pamoja ya wataalamu na wanakijiji. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika utawala wa Sultani Barghash, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Ukuta usiotunzwa huanguka, uwe umejengwa na nani.

Neno hupotea kimya zaidi. Kuaka kumekaribia kusahauliwa; vijana wengi wanajua mwashi bila kujua ametoka wapi, na fuawe halisikiki isipokuwa kwa wachache. Gofu likianguka watu hukusanyika, lakini neno likifa hapana asikiaye kishindo. Kazi ya kuyaokoa maneno haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwalimu mwenye daftari na wanafunzi walio tayari kumwuliza bibi jina la kila jiwe alilolitumia, kumwuliza mvuvi jina la kila mwamba anaoukwepa, na kumwuliza fundi jina la kila hatua ya kazi yake. Majibu yao yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, yatiwe tarehe, yahifadhiwe shuleni. Kizazi kitakachokuja kitayasoma kama sisi tunavyolisoma leo neno fuawe, na hapo atakayedai kwamba nchi hii haikuwa na mafundi atajibiwa kwa neno la zamani: "Mawe!"